Alichouliza Mzee Kisemei

Hospitali Kuu, Kajiado
8 Februari 1999

Kwa baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe mama zake kabla hajaziulizia. Huku niko mzima, nakula vizuri, na viatu vyeupe mlivyoninunulia vimeacha kuniumiza. Nyinyi mnaendeleaje? Mama bado anakohoa? Maji yanakuja pale kioskini unapouzia ama bado mnangojea lori la tangi?

Tangu watulete hapa kutoka chuoni kwa mazoezi ya wodini, nimepangiwa wodi ya wanaume, upande wa upasuaji. Anayetufundisha ni Sista Roda. Ni mama mfupi, hapazi sauti, lakini akikuita kwa jina lako lote unajua umekosea. Siku ya kwanza alitukusanya mbele ya mgonjwa aliyekuwa na kidonda kinachonuka, akatufunza kukisafisha. Nilidhani ataanza na pamba na dawa. Alianza na uso. "Usikunje pua," akasema. "Mgonjwa huangalia uso wako kwanza, halafu ndio aangalie kidonda chake." Sasa najua kupumua kwa mdomo nikiwa natabasamu.

Kila mwanafunzi amepewa wagonjwa wake. Mmoja wa wangu ni mzee Kisemei, mfugaji kutoka upande wa Bissil. Alidungwa na waya kwenye mguu wa kushoto, kidonda kikakataa kupona. Alipofika hapa ndipo ikajulikana ana sukari. Vidole viwili vimekuwa vyeusi kama makaa. Mimi ndiye ninayembadilishia bandeji kila asubuhi. Nikifika namwambia "Sopa," yeye anajibu "Epa," kisha ananiuliza kama nimeolewa, na nikisema bado anasikitika.

Daktari Gakuru, mpasuaji anayekuja kutoka Nairobi kila Alhamisi, amemwambia mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo uozo utapanda na kumwua. Mzee amekataa. Sista Roda akaniambia nikae naye, nimweleze maisha yatakavyokuwa baadaye. Nikamweleza yote tuliyofundishwa: magongo, mguu wa bandia, mazoezi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe umeona mtu amekatwa mguu akaishi?"

Nikasema ndiyo, baba yangu. Alivunjiwa mguu na jiwe kule machimboni nikiwa shule ya bweni, ukakatwa.

Akanyanyuka akakaa. "Alikuambia nini baba yako?"

Baba, nilirudi likizo nikakukuta na magongo, na tangu siku hiyo hatujawahi kuongea juu ya huo mguu, mimi na wewe. Naomba uniambie. Ulianzaje? Ni nini kilikusaidia? Niandikie nimpelekee.

Bintiyo,
Phylis


Kitengela
17 Februari 1999

Kwa binti yangu Phylis,

Barua yako tumeipata na tumefurahi. Mama yako amepona kikohozi, sasa ameanza kuimba tena kwaya. Maji ya mfereji yalikuja siku moja yakapotea. Watu wanapanga mitungi mpaka karibu na barabara kubwa na kila mmoja anasema ndiye alifika kwanza. Kazi yangu ni kuamua kesi. Upande wa reli wanajenga nyumba nyingi, sijui hao watu wote watakunywa nini.

Soma kwa bidii. Heshimu huyo Sista.

Hayo mengine uliyouliza, waulize madaktari. Wao ndio wamesomea.

Baba yako,
Kitheka


Hospitali Kuu, Kajiado
2 Machi 1999

Kwa baba,

Habari za hapo nyumbani? Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa na afya. Mwili wangu hauna shida. Moyo ndio si mzuri sana.

Mzee Kisemei ameondoka. Weusi ulikuwa umefika katikati ya wayo, na homa inampanda kila jioni. Daktari Gakuru alikuja tena Alhamisi, akaketi kitandani kwake, hakumharakisha. Alimchorea kwenye karatasi mahali pa kukata. Alimwambia pia kwamba kadiri anavyokawia ndivyo atalazimika kukata juu zaidi. Mzee akasema mtu wa ng'ombe hawezi kuwafuata kwa mguu mmoja, na mtu asiyefuata ng'ombe wake amekwisha kufa, basi wamwache afe akiwa mzima.

Jana mwanawe Parsaoti alikuja na pikapu ya kukodi. Ni kijana wa umri wangu hivi, mpole, amesoma mpaka kidato cha nne. Nilimfuata mpaka nje nikiongea. Nilimweleza habari za sukari, nikamweleza sumu inavyoingia kwenye damu, maneno yote makubwa niliyoyafanyia mtihani. Akaningoja nimalize. Ndipo akasema, "Dada, baba mdogo aliingia hospitali akiwa anatembea, tukamtoa kwa jeneza. Nyinyi mnaona mguu. Mimi naona baba." Akamfunika mzee kwa shuka, wakaenda.

Nilijifungia kwenye chumba cha kuoshea vyombo nikalia. Sista Roda akanikuta. Sikuambiwa ninyamaze. Aliniambia tu kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa, na kwamba kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anajua anachokikataa. "Unafikiri alijua?" akaniuliza.

Nimefikiria swali hilo tangu jana. Nafikiri alijua habari za kufa. Habari za kuishi ndizo hakuna aliyempa.

Barua yako niliisoma nikairudia, baba, nikitafuta kama jibu limejificha mahali. Sikulaumu. Nilitaka tu ujue kwamba sikuuliza kwa sababu ya shule peke yake.

Bintiyo,
Phylis


Hospitali Kuu, Kajiado
9 Machi 1999

Kwa baba,

Salamu nyingi. Naandika kwa haraka, na natumaini utaisoma barua hii ukiwa umeketi nyumbani na hakuna kilichokupata.

Ngigi, yule dereva wa lori la mchanga, amepitia hapa langoni akanitafuta. Anasema mama amemtuma kuniuliza kama uko huku. Anasema ulitoka Jumamosi asubuhi baada ya kusoma barua yangu, ukiwa umevaa mguu wa bandia ambao huwa unakaa chini ya kitanda. Ulimwachia mama ufunguo wa kioski na kumwambia unaenda kuona mtu.

Huku hukuja, na kwa shangazi Nzula huko Machakos hujafika. Tangu upate ajali hujawahi kwenda mbali kuliko kanisani, sasa umeenda wapi? Kama nilikuudhi kwa yale niliyoandika, nisamehe. Ukifika nyumbani tafadhali mtume Ngigi aniambie.

Phylis


Bissil
10 Machi 1999

Kwa Phylis, mwanangu,

Mimi ni mzima na nimekunywa maziwa mengi kuliko ninavyoweza kusema. Wewe uko aje?

Anayekuletea barua hii ni Parsaoti. Amekuja mbele kutafuta kitanda. Mwambie Sista Roda mzee yuko njiani, tunafika kesho asubuhi kwa pikapu ya mwenye duka, na Daktari asirudi Nairobi kabla ya kumwona. Ana homa na wakati mwingine anaongea maneno yasiyoshikana. Sasa fanya kwanza hiyo kazi halafu urudi usome yaliyobaki.

Nilipofika Bissil niliuliza kwa Kisemei mwenye mguu mgonjwa, wakanionyesha. Kutoka barabarani ni mbali. Huo mguu wa plastiki ulinichuna nikafika natoka damu. Nilimkuta amelazwa nje kwenye kivuli cha nyumba, bibi yake anamfukuzia nzi. Aliniangalia nikija nikichechemea tangu mbali mpaka nikaketi.

Akasema, "Wewe ndio baba ya yule msichana. Amekutuma."

Nikamwambia hajui niko huku.

"Basi umekuja kuniambia ni kitu rahisi."

"Hapana. Nimekuja kukuambia ni kitu kibaya."

Hapo akataka kuinuliwa, bibi yake akamwegemeza kwa gunia.

Nikamweleza. Nilimwambia utaamka na utasikia mguu bado uko. Vidole vitakuwasha, utainama kujikuna, utakuta blanketi. Utasahau, utashuka kitandani kama zamani na utaanguka uso chini. Watu watakushika mkono kukupeleka choo, na watoto watakuangalia njiani. Nilimwambia mimi nilikaa ndani ya nyumba nikakataa kuoga, nikakataa kuongea na mama yako, nikawa nauliza Mungu ni kwa nini lile jiwe halikuniangukia kichwani. Nililia kama mtoto. Hayo mambo, Phylis, sijawahi kuyasema kwa mtu. Niliyasema kwa mtu nisiyemjua, na bibi yake anasikia, na nzi.

Mzee akauliza, "Halafu?"

Hilo neno moja ndilo nilikuwa naliogopa, kwa maana kweli sikujua. Nikafikiria. Nikamwambia, halafu siku moja nilikuwa kwa kioski, mtu mmoja akasukuma mtungi wake mbele ya wengine. Nikagombana na yeye. Tuligombana sana, mpaka watu wakaja kutuachanisha. Nilipoketi chini nikagundua tangu nilipoamka asubuhi sikuwa nimefikiria mguu hata kidogo.

Kisemei akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kifua. Akasema, "Mimi hugombana na watu kila siku."

Nikamwambia basi wewe utapona haraka kuliko mimi.

Hakukubali siku hiyo. Nililala hapo, na siku iliyofuata pia. Alikataa kila neno nililosema, na mimi nikakataa yake. Bibi yake akanipaka mafuta ya kondoo pale paliponichuna. Mzee akaangalia, akasema, "Hata wewe una kidonda." Nikamwambia, ndiyo, lakini kesho kitakuwa kimeanza kukauka. Akaangalia chake. Parsaoti alikuwa amesimama nyuma yetu. Mzee akamwambia kitu kwa Kimaasai, kijana akaondoka. Nikafikiri nimefukuzwa. Kumbe ameenda kutafuta gari.

Usinitafutie mahali pa kulala. Nitakaa nje ya theata wakimpasua. Nimemwahidi nitakuwa hapo.

Baba yako,
Kitheka


Hospitali Kuu, Kajiado
29 Machi 1999

Kwa baba mpendwa,

Habari za Kitengela, na mama aliacha kukasirika? Mwambie namuunga mkono, mtu haondoki nyumbani hivyo. Mimi ni mzima na nina furaha, lakini acha nianze pale ulipoachia.

Uliondoka mzee akiwa bado amelewa dawa ya usingizi, kwa hivyo mabaya hukuyaona. Kama ulivyomsikia Daktari Gakuru akimweleza kabla mzee hajaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali, kama uozo ungekutwa umepita mahali pa kukata, basi angekata juu ya goti. Ulikuwa umepita. Mzee alikuwa amekubali yote mawili, lakini moyoni alikuwa ameshika lile la chini ya goti.

Alipoanza kuamka, Sista Roda alinivuta kando. "Mwambie wewe," akasema. "Ni mgonjwa wako." Mwenyewe akabaki mlangoni.

Nikamwambia. Akapapasa blanketi mpaka akafika mahali linapolala chini. Akasema, "Nigeuze niangalie ukuta." Nikamgeuza.

Baada ya hapo hakuongea na mtu, na chakula akakikataa. Baba, mtu wa sukari anayedungwa dawa hawezi kukaa bila kula, anaweza kupoteza fahamu mara moja. Tulimwekea dripu, nikawa nampima mchana kutwa. Parsaoti alikuwa akikaa chini kando ya kitanda, na kila nilipopita alikuwa akiniangalia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonishinda. Nilijua nikimwambia mzee atakuwa sawa, sitaweza kumtazama kijana huyo tena.

Kwa hivyo nilivuta kiti nikaketi upande wa ukutani, aone uso wangu. Nikamwambia, "Mzee, kesho itauma kuliko leo, kwa sababu nitafungua bandeji."

Akauliza, "Na kesho kutwa?"

"Itauma pia. Wiki ijayo labda itapungua. Na ule mguu utakuwasha, na sina dawa ya hiyo."

"Sasa unaongea kama baba yako," akasema, na akaniambia nimletee uji.

Nilikwenda jikoni kwa mwendo wa kawaida, mpaka nilipofika kona nikakimbia.

Sasa anasimama. Wamemweka kati ya vyuma viwili vya mazoezi, anajishikilia na kumtukana fundi wa viungo kwa Kimaasai, na fundi, kwa kuwa haielewi lugha hiyo, anafikiri anabarikiwa. Kidonda ni kisafi. Parsaoti nimemfundisha kumdunga dawa ya sukari. Alijaribu kwanza kwenye chungwa, na sasa anamdunga mwenyewe kila asubuhi. Wiki ijayo wataenda nyumbani.

Sista Roda alinisimamia kwenye mtihani wa wodini. Nilimfunga mzee bandeji mbele ya wakaguzi wawili kutoka chuoni. Mmoja akaniuliza, ni hatua gani ya kwanza. Nikasema ni uso wangu. Alimtazama Sista, Sista akatazama dirishani. Nimepita, baba, na nimepita vizuri.

Kuna jambo moja. Sista Roda anauliza kama unaweza kuwa unakuja huku mara moja moja, kuongea na wale wanaoogopa kukatwa. Anasema sisi tunajua mengi ya kuwaambia lakini hatujawahi kuamka tukiwa hivyo. Nimemwambia nitakuuliza.

Bintiyo anayekupenda,
Phylis


Kitengela
6 Aprili 1999

Kwa binti yangu,

Tumeshukuru Mungu kwa mtihani. Mama yako alipiga magoti hapo jikoni, maziwa yakamwagika kwenye jiko, hakujali. Anakusalimu. Mimi ameanza kuniongelesha tena kidogo kidogo.

Hilo la Sista Roda, mwambie nimeshukuru lakini hapana. Mimi ni muuza maji. Yale nilimwambia Kisemei kwa sababu nilikuwa na hasira na barua yako, na hasira si kitu cha kubeba kila mwezi mpaka Kajiado.

Wewe uliuliza nilianzaje. Nilianza vibaya. Sasa unajua, na sioni haya wewe kujua.

Baba yako,
Kitheka


Wodi ya wanawake, Kajiado
18 Novemba 1999

Kwa Phylis, nesi wa Loitokitok,

Salamu kutoka kwa baba yako, ambaye ni mzima. Mama ni mzima. Yunifomu yako mpya tumeiona kwenye picha na mama yako amebeba hiyo picha sokoni mpaka kona zimekunjika. Huko walikokupeleka kazi, baridi ya mlima haikusumbui? Na hao wakulima wa vitunguu wanakuja hospitali mapema ama wanangoja kama Kisemei?

Usishangae ukiona naandikia wapi. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ufurahi bure kabla sijajua kama nitaweza. Sista Roda alituma Ngigi, halafu akatuma Ngigi tena, halafu Alhamisi moja akakuja mwenyewe kwa kioski na kusimama kwa laini ya maji bila mtungi. Nikamwuliza anataka nini. Akaniambia anangoja nimalize kuhudumia watu. Alingoja. Sasa tangu Julai nimekuwa nikija.

Wengine wanakubali, wengine hawataki. Kuna mmoja alikataa kabisa, akaenda nyumbani, na tukasikia amezikwa. Siku hiyo nilimwambia Sista sitarudi. Akasema sawa, tutaonana Alhamisi.

Kisemei nilimtembelea mwezi uliopita. Ng'ombe wanapita mbele yake jioni wakiingia, yeye amesimama kwa magongo langoni anawahesabu kwa rangi, na ole wake mchungaji atakayeacha mmoja nyuma. Alinipa mbuzi. Tangu hapo ananiita "pakine", kwa maana kwao mkishapeana mbuzi hamwitani tena kwa jina. Parsaoti anauliza habari zako kila mara. Nimemwambia uko mbali.

Sasa niko hapa kwa benchi, kando ya kitanda cha mwisho. Mwenye kitanda anaitwa Rahab, mama wa duka kutoka Ngong. Ni sukari tena, mguu wa kulia, na Daktari Gakuru amefika na anangoja jibu. Nilimsalimia akageuka. Nikamwonyesha mguu wangu akasema ameona miguu mingi. Nikamwambia ni kitu kibaya, kama ninavyoanza siku zote, akasema kama ni kibaya nimemfuata kwa nini, na niondoke.

Nimemwambia nitaondoka nikimaliza chai yangu.

Ndiyo ninaimaliza sasa, polepole, huku nakuandikia. Ananichungulia akifikiri simwoni. Ameuliza sasa hivi naandikia nani. Nimemwambia ni binti yangu, ni nesi. Amelivuta blanketi juu ya mguu wake, halafu ameuliza kama ni kweli, vile watu husema, kwamba mguu uliokatwa huwa unawasha usiku.

Acha niweke kalamu chini.

Baba yako,
Kitheka